Mawazo mengi, mwili unachoka
Maandishi ya mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa, Majengo, Goma

Anayeongea nanyi ni muuguzi. Leo tutaongea juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho, ingawa unalala pamoja nasi. Sisi tunauita "mawazo".

Mtu anafika kwenye kituo cha afya, anasema: "Kichwa kinaniuma, moyo unadunda, silali." Tunapima malaria, hakuna. Tunapima tensio, imepanda. Halafu tunamwuliza: "Mama, unatoka wapi?" Hapo machozi yanaanza. Shamba limebaki Masisi, mume hajulikani aliko, na hapa wanalala watu 12 katika chumba kimoja.

Tuelewe vizuri. Ukisikia risasi, mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Adrenalini na kortizoli, ambazo mwili wenyewe unazitengeneza, zinaingia katika damu. Moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka katika damu ili miguu ipate nguvu, tumbo linapunguza kazi yake. Hilo ni jema, ndilo lililookoa wengi wenu njiani. Hatari ikipita, mwili unapaswa kutulia.

Lakini hapa kwetu hatari haikutupa nafasi. Mlima Nyiragongo ulilipuka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, tena Mei 2021, na matetemeko yakafuata. Julai 1994 tuliona kolera. Vita viliingia mjini Novemba 2012 na tena Januari 2025, na Februari 2025 kambi zilizozunguka mji zikabomolewa, watu wakafunga mizigo upya. Mwili wa mtu kama huyo ni kama pikipiki isiyozimwa hata usiku.

Matokeo yake ni haya: tensio inakaa juu, usingizi unakimbia, kinga ya mwili inapungua, mwenye ugonjwa wa sukari anazidiwa. Tumbo linauma pia. Lakini kidonda cha tumbo mara nyingi kinaletwa na vijidudu au dawa za maumivu, basi kipimwe. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Msimpige, ni hofu. Na mama anayenyonyesha asiamini kwamba maziwa yamekauka. Hofu inachelewesha maziwa kutoka. Atulie, aendelee kumnyonyesha mtoto.

Sasa, kwa nini tunaongea haya katika kipindi cha amani? Kwa sababu mwili uliochoka hivyo unakasirika upesi. Kwenye robine, bidoni moja ikipita mbele ya nyingine, mara tunasikia: "Ninyi wa kuja!" na "Ninyi wenye mji!" Ugomvi wa maji unageuka ugomvi wa makabila. Mwenye nyumba aliyepokea wageni naye amechoka. Wote wawili wanaumwa ugonjwa mmoja.

Tufanye nini? Kwanza, pumzi. Kaa, weka nyayo chini, vuta hewa polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo. Fanya hivyo dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Pili, kazi ya mwili: kutembea, kulima kipande kidogo, kufua pamoja. Tatu, habari: sikiliza mara moja au mbili kwa siku, usipeleke uvumi usiku. Nne, acha kanyanga. Inaleta usingizi wa saa mbili, kisha inauvunja. Dawa za usingizi za barabarani ni vilevile. Na mwenye dawa za tensio asiziache kwa sababu amejisikia vizuri.

Tano, tusikae peke yetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliingia katika uchunguzi uliotangazwa 2020. Baadhi yao walikutana mara 5 katika vikundi vya watu 20 hadi 30, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa juu ya kutuliza moyo. Walioongoza hawakuwa madaktari, walifundishwa muda mfupi tu. Miezi 3 baadaye, mateso ya moyo yalikuwa yamepungua kwao kuliko kwa wenzao. Majengo pia tunaweza kukaa hivyo, chini ya mti au katika ua wa shule.

Ninyi mashefu, mna dawa ambayo sisi hatuna. Pangeni zamu ya robine ijulikane na wote. Semeni ukweli mapema, hata kama ni mchungu. Mpeni aliyehama kazi katika kamati, maana mtu asiye na kazi anashinda na mawazo. Na msikubali mgonjwa aitwe mchawi.

Mtu akisema anataka kufa, akikataa chakula siku nyingi, au akisikia sauti wengine wasizosikia, msimfunge kamba, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Goma inacho pia kituo cha Tulizo Letu kwa magonjwa ya akili. Maumivu ya kifua nayo hayangoji kesho.

Ndugu zangu, dakika 5 za pumzi hazitamaliza vita, wala hazitarudisha shamba. Lakini kesho kwenye robine, kabla ya kujibu tusi, vuta hewa mara tatu. Huenda ugomvi mmoja ukaishia hapo. Mkae na amani.