Kiti Kilichokuwa Wazi: Historia ya Wilaya ya Wajir katika Seneti ya Kwanza



Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Leo naomba tuitafakari methali hiyo kwa kukumbuka kiti kimoja, kiti cha Wilaya ya Wajir katika Seneti ya Kenya ya mwaka 1963.

Katiba ya uhuru iliigawa nchi katika maeneo 41 ya Seneti: wilaya 40 pamoja na Nairobi. Kila eneo, liwe na watu wengi au wachache, lilikuwa na seneta mmoja. Wajir ya wafugaji waliotawanyika ilipewa sauti sawa na Machakos yenye watu tele. Nia ilikuwa kuwalinda wachache wasimezwe na walio wengi.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, Wajir, Garissa na Mandera hazikupeleka mtu. Wasomali wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia. Uingereza ilituma tume mwaka 1962 kuwasikiliza, kisha ikawanyima ombi lao. Wakasusia kura. Seneti ikaanza kazi viti vitatu vikiwa wazi, na Desemba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa katika Kaskazini Mashariki.

Seneti yenyewe haikudumu. Hapo mwanzo vifungu vikuu vya katiba havikuweza kubadilishwa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65. Desemba 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Hakuna askari aliyewafukuza maseneta. Maeneo 117 ya ubunge yaliongezwa 41 yakawa 158, ili kila seneta apate kiti kipya, na muda wa Bunge ukarefushwa. Mwananchi hakuulizwa. Uchaguzi mkuu ulingoja hadi Desemba 1969.

Hivyo ndivyo eneo la Seneti la Wajir lilivyofutwa. Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wilayani Wajir, na wengi wakauawa. Sisemi kwamba seneta mmoja angezuia risasi. Nasema kwamba mlango mmoja wa kulilia haki ulikuwa umefungwa miaka 17 kabla, nasi tulinyamaza ulipofungwa.

Katiba ya 2010 imeirudisha Seneti. Tangu 2013 Wajir, ikiwa kaunti moja kati ya 47, humchagua seneta wake. Ibara ya 255 inataka kura ya maoni kabla ya kubadilisha kazi za Bunge au misingi ya ugatuzi. Kinga hiyo ni njema, lakini asilimia 90 nayo ilikuwa kinga.

Basi, ndugu zangu, mjumbe wenu akisimama kupiga kura juu ya katiba, mwulizeni maswali mawili: Wewe umeahidiwa nini? Nasi tumeulizwa lini?