Reli Moja, Treni za Pande Mbili



Asafiriye kwa basi au bodaboda kutoka Handeni kwenda Korogwe aijua sheria ya barabara: kila chombo hushika kushoto. Afikapo kwenye reli, mazoea hayo huweza kumponza, kwa maana treni za njia hii hazina kushoto wala kulia.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Ni njia moja, yenye upana wa mita 1 baina ya chuma na chuma. Treni iendayo Moshi na ile irudiyo Dar es Salaam hupita juu ya vyuma vile vile.

Hupishana vipi? Hupishana stesheni, palipo na njia ya pili. Moja huingia kando na kungoja, nyingine hupita. Dereva hana usukani. Magurudumu yana ukingo upande wa ndani, nayo hufuata chuma popote kielekeapo. Njia huchaguliwa na vyuma vya kugeuzia, ambavyo husogezwa kabla treni haijafika. Tena, treni hairuhusiwi kuondoka mpaka ithibitike kuwa kipande cha mbele ki wazi.

Penye njia mbili, nchi huchagua upande. Treni za Uingereza hushika kushoto, za Ujerumani kulia. Ufaransa magari hupita kulia, ilhali treni nyingi hupita kushoto, kwa kuwa wahandisi wa Kiingereza walishiriki kujenga reli zake za mwanzo. Upande, basi, ni mapatano tu. Shabaha ni treni mbili zisikutane uso kwa uso. Korogwe shabaha hiyo hutimizwa kwa zamu.

Zamu hiyo ndiyo impasayo mvukaji kuikumbuka. Treni ya mizigo ikishaingia stesheni, ile iliyokuwa ikiingoja huweza kuondoka mara moja, ikielekea ilikotoka ya kwanza. Mama aliyesubiri na mzigo wake kichwani huona reli imekuwa tupu, akavuka bila kutazama upande wa pili. Treni haiwezi kumkwepa. Chuma huteleza juu ya chuma, na treni yenye mzigo huhitaji mamia ya mita ili isimame.

Kwa hiyo, avukaye na atazame pande zote mbili kila mara, hata kama treni imepita sasa hivi. Wazazi nao wawakataze watoto kuweka mawe relini. Jiwe dogo likikwama katika vyuma vya kugeuzia, huvizuia kufunga sawasawa, na treni iliyojaa abiria huweza kuacha njia.