Udaktari Bingwa na Mlango wa Viza



Nikiuliza hapa nani anataka kuwa daktari, mikono inajaa darasa zima. Na bingwa wa moyo, je? Bado mikono ipo. Wengi mnaniambia, "Nitakwenda kusomea nje." Vizuri sana. Basi tuongee juu ya safari hiyo, maana kuna vikwazo ambavyo hutavikuta kwenye kitabu cha baiolojia.

Tuseme umeshamaliza shahada ya udaktari na utarajali wako. Unataka Uingereza. Mtihani wao wa PLAB una sehemu 2, na ya pili hufanyika Manchester tu. Kwa hiyo unaomba viza ya kwenda kufanya mtihani, unarudi, halafu ukipata hospitali ya kukudhamini unaomba viza nyingine ya kazi. Ukinyimwa, ada ya maombi hairudi.

Marekani ndiyo kuna mambo. Unafaulu mitihani ya USMLE, unapata hospitali ya kukufundisha, kisha wengi huomba viza ya J-1. Viza hiyo inadai barua kutoka wizara ya afya ya nchi yako, ikisema kwamba nchi inamhitaji bingwa wa fani hiyo. Ukimaliza masomo, unatakiwa ukae nyumbani miaka 2. Unaweza kusamehewa ukikubali kufanya kazi miaka 3 kwenye maeneo yao yenye uhaba wa madaktari. Kumbe hata wao wanayo! Kwangu mimi sharti la kurudi si la uonevu. Mgonjwa wa Mlalo naye anamngoja bingwa.

Lakini mlango wenyewe hufungwa bila hodi. Tarehe 27 Mei 2025 Marekani ilisimamisha kupanga usaili mpya wa viza hizo, ikafungua tena tarehe 18 Juni. Mafunzo huko huanza tarehe 1 Julai! Desemba mwaka huohuo ikatangaza vizuizi vya viza kwa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Unaweza kuwa umefaulu kila kitu na bado ukabaki.

Ndiyo maana nasema usiidharau Moshi. Ukishuka Mombo na kupanda basi unafika KCMC, na hakuna anayekuuliza viza. Ubingwa unasomewa hapo, Muhimbili na Bugando pia. Na kwa upasuaji kuna COSECSA, chuo kilichoanzishwa 1999, kinachofundisha ndani ya hospitali za nchi wanachama.

Sasa kuna kazi ya wiki hii. Chukua cheti chako cha kuzaliwa, ukilinganishe na jina ulilojiandikisha nalo shuleni. Kimoja kisiseme Hadija na kingine Khadija, au jina la babu likaruka. Kwenye pasipoti na mitihani ya nje, herufi moja tu inakurudisha kwa wakili kuapa kwamba wewe ni wewe. Kama majina hayalingani, mwone mwalimu wa taaluma kabla fomu za mtihani wa kidato cha nne hazijatumwa.