Ulinzi wa Habari Zetu na Kazi ya Mdukuzi Mwenye Ruhusa

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, Koboko, katika Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa habari katika kompyuta. Najua wazee wengine wanajiuliza jambo hili linawahusu nini, maana wao wana simu ndogo ya tochi tu. Linawahusu, kwa sababu kila mmoja wetu yumo ndani ya kompyuta. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi wa Uganda nzima kwa alama za vidole na picha za macho. Kabla ya hapo hesabu ilisema tuko kama milioni 1.4, baadaye tukaonekana kama milioni 1.1. Kazi ile iliondoa majina hewa, nami naiona ilikuwa ya haki. Lakini tangu siku ile vidole vyetu vimehifadhiwa mahali tusipopaona. Kadi ikiibwa utapewa nyingine. Alama ya kidole ikiibwa, utapewa kidole kipya wapi?

Tusidhani wezi huogopa mashirika makubwa. Tarehe 9 Novemba 2021 watu wasiojulikana waliingia katika seva za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hawakugunduliwa mpaka tarehe 18 Januari 2022, yaani siku 70 baadaye. Ndani yake mlikuwa na habari za watu zaidi ya 515,000: waliopotezana na jamaa zao, waliofungwa, wanaotafutwa na mama zao. Ni kazi ile ile wanayotufanyia hapa tunapoandikisha jina la mtoto aliyepotea njiani. Waliingiaje? Kulikuwa na tundu katika programu moja. Tundu hilo lilikuwa limekwisha kujulikana, na dawa yake ilikuwa imetolewa, ila haikutiwa kwa wakati. Msalaba Mwekundu wenyewe walilieleza jambo hilo wazi, na kwa hilo nawasifu, maana wengi wangenyamaza.

Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wa pekee. Wako watu kati yetu ambao hawakukimbia vita tu, walimkimbia mtu. Orodha yenye jina, kijiji cha asili na namba ya nyumba yako, ikivuka mpaka na kufika mikononi mwa mtu huyo, imemwonyesha njia.

Tena wizi mwingi hauhitaji hata kompyuta. Mama mmoja jirani yangu alipigiwa simu: “Mama, naita kutoka ofisi ya mgao. Jina lako limefutika. Nisomee namba iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako.” Aliyepiga alijua jina lake, idadi ya watoto, na namba ya kadi. Mama akaamini, na nani asingeamini? Pesa ya mwezi ikaondoka. Wengine walimcheka kwamba ni mjinga. Mimi nauliza, yule mwizi aliipata wapi namba ya kadi? Orodha ya majina ilikuwa imebandikwa ukutani siku tatu, na kijana yeyote mwenye simu ya kamera aliweza kuipiga picha na kuituma kwa WhatsApp.

Kuna na jambo la laini. Zamani wengi walisajili laini kwa kitambulisho cha rafiki Mganda, kwa kuwa karatasi zetu hazikukubaliwa. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu kitambulisho cha mkimbizi na barua ya uthibitisho vitumike. Ambaye bado anapokea pesa kwa laini yenye jina la mwingine, ajue kwamba kwa kampuni mwenye laini ni yule mwingine. Na mnapopeleka simu kuchajiwa kibandani, acheni kuandika namba ya siri nyuma ya betri! Nimeiona kwa macho yangu.

Sasa nije kwa mdukuzi. Mdukuzi ni mtu anayeingia katika kompyuta ya mwingine kwa ujuzi wake. Wapo wa kuiba: Oktoba 2020 waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha pesa za simu na benki hapa Uganda, hata huduma baina ya benki na simu za MTN na Airtel zikasimamishwa. Lakini yupo pia anayeitwa na mwenye nyumba, akaambiwa: jaribu milango yangu, uniambie ipi ni mibovu. Mwaka 2016 hata Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaalika wadukuzi wajaribu tovuti zake, wakailetea matundu 138 ya kweli. Jeshi lenye nguvu namna ile halikuona aibu kuuliza.

Vijana wangu, sikieni vizuri hapa. Tofauti ya wawili hao si ujuzi, ni ruhusa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inamhesabu mkosaji kila aingiaye bila ruhusa, hata akisema alitaka kusaidia tu. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje mahali pa kujaribu na siku zake. Na akionacho akipeleke kwa mwenyewe kwanza, si sokoni.

Ndugu wa mashirika, Sheria ya Ulinzi wa Habari za Mtu ya mwaka 2019 inatupa haki ya kuuliza mmeandika nini juu yetu na kuomba kosa lisahihishwe. Tutauliza. Tutauliza pia ni nani aliyejaribu milango yenu, na lini.

Kwa Kamati yetu nina ombi moja. Tuna daftari la kaya, na tuna flashi yenye majina inayotembea mifukoni. Mheshimiwa Mwenyekiti atie sahihi barua ya ruhusa kwa vijana wawili waaminifu, kwa juma moja. Wajaribu kuyapata majina hayo kwa kuomba, kwa kupiga simu wakijifanya watu wa ofisi, kwa kuangalia karatasi zinazotupwa. Wasibaki na jina hata moja; waandike tu walipitia mlango gani, na aliyedanganywa asitajwe wala asiadhibiwe. Barua nimekwisha kuiandika, iko kwa Katibu, inangoja sahihi.