Akiba ya Mwili
(Maneno ya Mwenyekiti, siku ya kutimiza miaka kumi)



Kikundi hiki tulikianza 2016, mwaka wa kipindupindu. Mnakumbuka, Serikali ilipiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji njiani, na wengi wetu tukiishi kwa mandazi na juisi. Ziko wiki hatukununua hisa hata moja.

Tukiulizana: kwani 2009 watu hawakunywa chanjo? Walikunywa, mara mbili, Chumbuni na shehia chache nyengine za Unguja na Pemba. Ile chanjo ina vijidudu vya kipindupindu vilivyokwisha kuuliwa. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, huvijua sura, wakatengeneza kingamwili za kuvingoja tumboni. Dozi ya kwanza inafundisha, ya pili inatia nguvu. Tena ilionekana hata asiyekunywa, akikaa kati ya majirani wengi waliokunywa, hatari yake ilipungua, maana kijidudu kilikosa pa kupita.

Lakini jamani, akiba ile haidumu. Miaka michache tu inapungua, kama sanduku linalotolewa bila ya kutiwa. Kufika 2016 ilikwishapita miaka saba, na shehia nyingi hazikuwahi kupata kabisa.

Basi tunapendekeza mfuko wetu wa jamii utoe nauli ya daladala kwa kila mwanachama anayepeleka mtoto chanjo, na pesa ya dawa ya kutia maji. Anayepinga anyanyue mkono sasa hivi, si kesho uwani.