Simu Mpya Imetoka: Je, Tuinunue?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vikundi vya akina mama na waendeshaji bodaboda mjini Kinango. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Kilichonileta hapa ni karatasi moja. Mama mwenyekiti alinionyesha tangazo la simu iliyozinduliwa juzi, lenye picha ya kijana anayecheka, akaniuliza: "Mwanangu, wewe kazi yako ni ya simu kutwa kucha. Tuichukue au tuiache?" Kikundi kina akiba, wakala amesema atarudi Ijumaa, na wanachama kumi na wawili wameshaandikisha majina. Swali la pesa za watu kumi na wawili halijibiwi njiani, ndiyo maana nikaomba tukutane.

Kwanza tuelewane. Kaunti haiuzi simu, wala mimi silipwi na kampuni yoyote ya simu. Nikitaja jina la simu ni kwa ajili ya mfano tu.

Kabla ya kuuliza kama simu mpya ni nzuri, jiulize: simu niliyo nayo inashindwa kufanya nini ninachokihitaji? Kutuma na kupokea pesa hakuhitaji simu janja. M-Pesa ilianza 2007, enzi za kabambe na mulika mwizi, na mpaka leo ukibonyeza *334# kwenye kabambe unahudumiwa. Hata kujiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, unaweza kupitia *147#. Kama hayo ndiyo mahitaji yako, simu iliyo mkononi mwako inatosha, na mtu asikuonee haya kwa sababu yake.

Lakini sitaki mtoke hapa mkisema afisa ametukataza simu janja. Vyeti na leseni nyingi sasa zinaombwa kupitia eCitizen. Kikundi chenu kinapanga mikutano kwenye WhatsApp, na asiye nayo husikia habari siku mbili baadaye, tena kwa kuambiwa na jirani. Mfugaji anapiga picha ya mbuzi na kumtumia mnunuzi wa Mariakani kabla ya kulipa nauli. Hayo ni mahitaji ya kweli. Ninachotaka ni mtu ajue analipia nini.

Sasa tuje kwenye malipo ya kila siku, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tangazo limeandika kwa maandishi makubwa malipo ya kwanza na kiasi cha kila siku. Jumla haikuandikwa. Basi tuipige wenyewe, kwa tarakimu za mfano. Tuseme simu inauzwa dukani shilingi 15,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa 2,500 mwanzo, halafu 65 kwa siku kwa mwaka mzima. 65 mara 365 ni 23,725. Ongeza zile 2,500, unapata 26,225. Umelipa 11,225 zaidi ya bei ya dukani. Kwa pesa hizo za ziada mtu angepata simu nyingine ndogo.

Shilingi 65 haionekani kubwa. Ni chai na mahamri, ndivyo wakala atakavyokwambia. Lakini chukua zile 2,500 na hizo 65 za kila siku uziweke kwenye kikundi badala ya kumpa wakala. Baada ya siku 193, yaani miezi sita na siku chache, zimefika 15,000. Unainunua simu ikiwa yako, na siku 172 zilizobaki hudaiwi na mtu.

Mnajua pia kwamba simu nyingi za mkopo zimewekewa programu ya kuifunga usipolipa. Mvua ikinyesha siku tatu, bodaboda haitoki, hulipi, simu inajifunga. Wateja wako wanaokupigia hawakupati, na wewe ulikuwa unategemea hao wateja ndiyo upate pesa ya kuifungua. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu na uandikiwe majibu. Jumla yote ni shilingi ngapi? Nikikosa siku moja, nini kinatokea na baada ya saa ngapi? Nikipata pesa nikamaliza mapema, nitapunguziwa? Wakala akisema "hiyo tutaona baadaye", mwachie karatasi yake.

Kuna mtu ambaye mkopo unamfaa. Mwenzetu wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu ya simu, na simu yake imeshakufa, kila siku anayosubiri anapoteza kazi. Yeye akipiga hesabu akaona simu itamwingizia zaidi ya 65 kwa siku, achukue, mradi ameiona ile jumla. Mwenye simu inayofanya kazi hana haraka hiyo.

Jambo la pili ni hilo neno "mpya". Simu iliyotoka wiki hii haijakaa mikononi mwa watu. Hakuna anayejua betri yake itakuwaje baada ya miezi minne ya jua la Kinango. Hata kampuni kubwa hukosea. Agosti 2016 Samsung ilitoa Galaxy Note 7, simu ya bei ya juu iliyosifiwa sana. Baada ya wiki chache zikaanza kushika moto. Kampuni ikarudisha zipatazo milioni 2.5, ikawapa watu nyingine za kubadilisha, na baadhi ya hizo nazo zikaungua. Oktoba mwaka huo huo simu hiyo ikasimamishwa kabisa. Januari 2017 kampuni ikaeleza kwamba kasoro ilikuwa kwenye betri. Waliosubiri miezi miwili tu hawakuguswa na mkasa huo.

Mimi mwenyewe nilishawahi kukimbilia. Nilinunua simu wiki ile ile iliyotoka, kwa sababu ya kamera, kwani kazi yangu ni kupiga picha za mikutano. Mwezi wa pili ikaniponyoka mkononi nikishuka matatu, kioo kikapasuka. Nikamwendea fundi Ukunda, akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, hii bado ni ngeni, vioo vyake havijafika." Wiki tatu nilitumia simu ya kuazima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kioo kilipofika, bei ya simu yenyewe dukani ilikuwa imeshashuka. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua simu yoyote ninapita kwanza kwa fundi. Namuuliza: kioo cha simu hii unacho, na ni pesa ngapi? Fundi haringi kama tangazo. Anajua zipi zinarudi kwake kila wiki.

Nimeombwa pia nieleze maandishi ya kwenye boksi. Nitayapitia haraka, ila moja nitalikalia kidogo: RAM. Hiyo ni nafasi ambayo simu hufanyia kazi, kama meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, kila mara unaondoa sufuria ili upate pa kukatia kitunguu, na simu inakuwa nzito. Siku hizi boksi limeandikwa kwa wino mkubwa 8GB, na chini yake kwa maandishi ya siafu: 4GB + 4GB. Maana yake meza halisi ni ya 4GB. Hizo nne nyingine zimeazimwa kwenye stoo, sehemu ya kuhifadhia picha na video, ambayo ni ya polepole kuliko meza. Si uongo, lakini usilipe bei ya nane ukapata nne. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye mipangilio ya simu yenyewe.

Megapikseli za kamera zisikuzuge. Simu iliyoandikwa 50 mara nyingi huunganisha vidoa vinne kuwa kimoja na kukupa picha ya 12 na kitu. Ipige picha palepale dukani, kisha toka nje kivulini upige nyingine, uzikuze uone uso wa mtu.

Kuhusu 5G, Safaricom iliifungulia wateja Oktoba 2022 na Airtel ikafuata Julai 2023. Lakini simu ya 5G bila mnara wa 5G karibu yako inatumia 4G kama ya jirani yako. Uliza kwanza hapo unapolala na unapofanyia kazi kuna mtandao gani. (Ndugu zetu wa Lunga Lunga na Vanga wao wana tatizo lao, simu inaokota mtandao wa Tanzania bila kuulizwa. Hilo halitibiwi na simu mpya.) Kwa sasa simu ya 4G inatosha watu wengi hapa, na si lazima iwe ghali. Kiwanda cha kuunganisha simu kilipozinduliwa Athi River Oktoba 2023, Neon Smarta ya 4G ilitangazwa kwa 7,499.

Betri wengi wenu mnaijua kuliko mimi, hasa mnaolipia kuchaji dukani. Kama nyumbani hakuna stima, betri kubwa ina maana kuliko kamera.

Kisha kuna umri wa simu, na hili wauzaji hawalitaji. Simu huhitaji masasisho ya programu ili wezi wa mtandaoni wasipate mlango na programu zako ziendelee kufanya kazi. WhatsApp tayari imeziacha simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwaka 2024 iliahidi masasisho ya miaka saba. Simu nyingi za bei nafuu huahidi miaka michache tu, na nyingine haziahidi kitu. Ndiyo maana simu nzuri iliyotoka mwaka jana, ambayo bei imeshuka, mara nyingi inafaa kuliko simu dhaifu iliyotoka jana.

Mwisho ni ukaguzi wa dukani. Bonyeza *#06#. Itakuja namba ya tarakimu 15, inaitwa IMEI. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Zikitofautiana, rudisha hapohapo. Wazee wanakumbuka 2012, simu bandia zaidi ya milioni moja zilipozimwa nchini, watu wakalala na simu wakaamka na tofali. Dai risiti yenye jina la duka, na usome waranti, kwa kawaida ni mwaka mmoja na haihesabu kioo kilichovunjika wala simu iliyoingia maji.

Mzee mmoja pale nyuma aliinua mkono mapema akauliza kama aitupe kabambe yake. Mzee wangu, usiitupe. Hata ukinunua simu janja, iache hiyo na laini yake ya M-Pesa nyumbani, inakaa na chaji siku nne.

Na Mama mwenyekiti, kwa wale kumi na wawili, jibu langu ni kwamba Ijumaa msitie sahihi. Mwambieni wakala awaachie nakala ya mkataba. Kati yao, nimehesabu mikono, watatu simu zao zimekufa na wanazihitaji kwa kazi. Tuanze na hao, kikundi kiwakopeshe wanunue taslimu. Wengine wasubiri miezi mitatu, tuone bei na tumsikilize fundi. Mwenye mkataba alioutia sahihi tayari, nitakuwa chini ya mwembe hapo nje mpaka saa kumi. Aje nao tupige hesabu pamoja.