Zamu ya Kujibu: Msomaji, Riwaya ya Mapenzi na Mwanamke Mnene

Najua wapo wanaoiona mada hii nyepesi. Riwaya ya mapenzi, tena ya kuchekesha, na shujaa wake ni mwanamke mnene, bonge kwa lugha ya mtaani: hapo mhadhiri anatafuta nini? Ninatafuta hukumu ya msomaji. Riwaya za namna hii zimekuwa nyingi Uingereza na Marekani, na kwetu visa vyake vinapita katika hadithi za magazetini, katika vibonzo na katika simulizi zinazouzwa kwa simu. Kila zinapopita, wasomaji hugawanyika. Kitabu kimoja kitaazimwa mpaka jalada litoke; kingine chenye shujaa wa umbo lile lile na vichekesho vya aina ile ile kitaambiwa kimewadhalilisha wanawake. Tumezoea kusema hizo ni tofauti za ladha tu. Mimi ninadai kwamba hukumu hizo zina kanuni, na kanuni yenyewe tunayo nyumbani. Ni kanuni ya utani. Msomaji anauliza swali moja, hata kama halitamki: huyu anayetaniwa amepewa nafasi ya kujibu?

Utani hauhitaji maelezo marefu mbele ya watu wa mji huu wa Babati. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na Wambugwe wanakutana hapa, na barabara kuu ya kutoka Arusha imewaongezea Wanyaturu, Wachaga, Wapare na wengine wengi. Mpare na Mchaga wakikutana sokoni wataambiana maneno ambayo yangesemwa na mtu mwingine yangewafikisha kituo cha polisi. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani kule Usambara, aliandika makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, na baada yake wasomi wengine wameendelea kuuchunguza. Walichokikuta ndicho tunachokijua sisi. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini ruhusa hiyo ina pande mbili. Leo wewe, kesho mimi. Anayetania halafu hataki kutaniwa, au anayemtania mtu ambaye hana namna ya kumrudishia, huyo hatumwiti mtani, tunamwita mtukanaji. Maneno yanaweza kuwa yale yale herufi kwa herufi, na tofauti ikawa ni zamu tu.

Tuipime kanuni hii kwanza ugenini, ambako vitabu hivi vimebishaniwa kwa wingi. Mwaka 1996 Helen Fielding wa Uingereza alichapisha Bridget Jones's Diary. Shujaa wake anafungua shajara kwa kuandika uzito wake, pombe aliyokunywa na sigara alizovuta. Uzito wenyewe ni kilo 60 hivi, na hapa Babati hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Waliompenda Bridget walimpenda kwa sababu kalamu iko mkononi mwake na wanaume wanaomzunguka hawasalimiki. Waliomchoka walisema kwamba linapokuja suala la mwili, utani wake wote unamwangukia yeye mwenyewe: mwili unashtakiwa kila asubuhi na hausimami kujitetea hata siku moja. Miaka miwili baadaye Jane Green alitoa Jemima J, hadithi ya mwandishi wa gazeti aliye mnene, ambaye anajinyima na kufanya mazoezi mpaka anakuwa mwembamba kupita kiasi, na hapo ndipo milango ya mapenzi inapoanza kumfungukia. Kitabu hicho kiliuzwa sana na kulalamikiwa sana, na kwa kanuni ya utani malalamiko yanaeleweka mara moja. Katika sehemu ya kwanza tumealikwa kumcheka Jemima. Zamu yake ya kujibu inapofika, Jemima yule hayupo. Ameondolewa ukumbini, na aliyekalia kiti chake ni mwingine.

Linganisha na Precious Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone aliyebuniwa na Alexander McCall Smith mwaka ule ule wa 1998. Huyu anajitaja mwenyewe kuwa ni mwanamke wa umbo la jadi, na kila anayetaka kumcheka anakuta neno hilo limekwisha kukaa mlangoni. Fundi magari J. L. B. Matekoni anamposa akiwa hivyo alivyo. Kuna wanaosema kwamba mwandishi ni Mskoti mweupe, kwa hiyo kicheko chake juu ya mwanamke wa Botswana ni cha mtazamaji wa nje, na hoja hiyo haifai kupuuzwa hasa tunapozungumzia jinsi Botswana yenyewe inavyopambwa humo. Ila kuhusu mwili wa Ramotswe, utani unatoka kwake na unarudi kwake akiwa amesimama. Mwaka 2019 Talia Hibbert alikwenda mbali zaidi katika Get a Life, Chloe Brown. Chloe ni Mwingereza mweusi, mnene, anaishi na maradhi ya maumivu yasiyoisha, na ulimi wake ni mkali kuliko wa mtu yeyote ndani ya kitabu. Riwaya inafika mwisho akiwa na mwili ule ule alioanza nao. Matatizo yake ni woga, upweke na maumivu. Unene haumo katika orodha ya mambo ya kurekebishwa, na wasomaji wanaokisifu kitabu hicho hulitaja jambo hilo mapema sana.

Kwetu, haki ya kujibu ilitangulia riwaya. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kurekodi sahani Bombay mwaka 1928, alipopata jina mjini Unguja aliimbiwa nyimbo za kumkebehi kwa asili yake ya shamba, mavazi yake ya kimaskini na sura ambayo wenye kebehi waliiona haina uzuri. Shaaban Robert amelieleza hilo katika wasifu wa Siti aliouandika. Siti hakumpeleka mtu kwa kadhi, wala hakujificha. Alitunga jibu, akaliimba mbele ya watu wale wale, na hoja yake ikawa kwamba thamani ya mtu haiko katika sura. Miongo mingi baadaye, katika miaka ya 1990, Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano walijaza kumbi kwa mipasho ya kurushiana, na mashabiki walikuja kusikiliza jibu zaidi ya shambulizi. Hao ndio wasikilizaji waliolea wasomaji wetu. Msomaji aliyekulia kwenye mpasho anajua kwamba mwanamke akirushiwa kijembe, kinachosubiriwa ni kauli yake, na asipoitoa hadithi imekatika kiunoni.

Riwaya pendwa na vibonzo vyetu havikuufuata mkondo huo sawasawa. Chukua jarida la Sani, lenye wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambalo limefundisha Watanzania wengi kusoma kwa kucheka. Mwanamke mwenye nyonga pana amechorwa humo tangu zamani, na mara nyingi kichekesho kinamwangukia mwanamume: udenda unamtoka, anajikwaa, mkewe anamfumania. Kwa upande huo Sani ina haki kuliko inavyosifiwa. Lakini mwenye nyonga mwenyewe anasema nini? Mara nyingi anapita tu, ametumika kuangusha mtu kisha ametoka ukurasani.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo nimelisikia likisemwa kwa kujiamini sana: haya ni matatizo ya Wazungu, sisi tunapenda mwanamke mwenye mwili. Ni kweli kwamba tunamsifu. Lakini sifa hiyo ina vipimo. Umbo namba nane linataka nyonga na makalio, halitaki tumbo, halitaki mikono minene, na halina habari na miguu inayovimba kwa kusimama kutwa nzima sokoni. Tazama matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme katika miji yetu: karatasi moja inauza dawa ya kupunguza tumbo na dawa ya kuongeza makalio, bei chini, namba ya simu moja. Mwanamke yule yule anatakiwa apungue na aongezeke kabla ya sikukuu. Jamii inayompenda mwanamke mnene kama alivyo isingekuwa na wateja wa karatasi hiyo. Isitoshe, kusifiwa si kusikilizwa. Unaweza kuimbiwa kuanzia nywele hadi nyayo na bado usipewe hata sentensi moja ya kwako. Kwa hiyo anayesema tunawapenda tayari amejibu swali ambalo msomaji hakuliuliza.

Tuliweke jambo lenyewe karibu na macho, kwa kisa cha kubuni ambacho mwandishi yeyote wa hapa angeweza kukiandika. Noah inajazwa abiria stendi kwenda Galapo. Dada mnene anainama aingie, na konda anapaza sauti: "Dada, wewe unalipa siti mbili!" Abiria wanacheka. Mwandishi sasa ana njia kadhaa. Anaweza kumfanya dada ateremke akilia, na huko nje akutane na kijana mwenye gari lake binafsi atakayemfariji. Anaweza kumwinua abiria mmoja shupavu amkunje konda shati, na mapenzi yaanzie hapo. Au dada aketi, ajipange vizuri, atoe nauli mbili na kusema: "Haya, za siti mbili hizi hapa. Ya pili namlipia huyo uliyetaka kumbana hapa pembeni yangu, ateremke akapande basi la maana." Gari zima linacheka tena, konda naye anacheka huku akikuna kichwa na kurudisha nauli moja, na mwalimu aliyekaa kiti cha nyuma anaanza kujiuliza huyu ni nani. Njia ya kwanza na ya pili zina huruma nyingi sana. Zote mbili, hata hivyo, zimemwacha dada bila kauli, na katika ile ya pili hata mapenzi yenyewe ni malipo ya deni la kutetewa. Msomaji wa riwaya ya kuchekesha anaitaka ya tatu, na anaitaka kwa sababu za ufundi: ndiyo pekee ambayo kicheko cha pili kinakizidi cha kwanza, na ndiyo pekee ambayo inampa mwalimu sababu ya kupenda.

Pingamizi zito zaidi ni la soko. Ikiwa wasomaji wana kanuni kali hivyo, mbona hadithi zinazomdhalilisha mwanamke mnene zinanunuliwa? Jibu liko katika namna zinavyouzwa. Eric Shigongo na wenzake waliijenga riwaya pendwa ya kizazi hiki kwenye hadithi za kuendelea magazetini, na mtafiti Uta Reuster-Jahn aliandika juu ya hadithi hizo za Shigongo mwaka 2008. Mnunuzi wa hadithi ya kuendelea hulipa kabla hajajua. Leo shujaa ametukanwa, chini imeandikwa itaendelea, na wiki ijayo msomaji anarudi na pesa kwa sababu anasubiri jibu. Mauzo ya toleo la matusi kwa hiyo hayathibitishi kwamba matusi yamependwa; yanaweza kuthibitisha kinyume chake. Nakiri hoja hii haimalizi kila kitu. Wapo wanaonunua kwa raha ya kumcheka mtu asiye na mtetezi, na kanuni ya utani haijawahi kuwazuia watukanaji kuwapo. Ninachokataa ni kuhesabu nakala zilizouzwa kisha kusema tumejua msomaji anataka nini.

Wapo pia wenye hofu ya afya, na takwimu zao ni za kweli: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Lakini hizo ni hoja za kupeleka zahanati na sokoni kwenye bei ya mboga. Riwaya ikimpa mwanamke mnene mchumba haijamwandikia mtu lishe.

Lililobaki ni sisi wasomi na wasimamizi wa vitabu, ambao kwa desturi tumempangia msomaji bila kumuuliza. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda, kisha ikaja kufundishwa. Vitabu vya Mkenya David Maillu vilipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 1976. Sisemi kila marufuku haikuwa na sababu; nasema katika mijadala ile sauti ya mnunuzi ilikuwa ndogo mno. Marekani, Janice Radway alichukua njia tofauti: alikwenda kwa wanawake wa mji mmoja wasomao riwaya za mapenzi, akawauliza, na kitabu chake cha 1984 kilionyesha kwamba kwa shujaa wa kike waliweka akili na ucheshi mbele ya uzuri. Watu walioitwa walevi wa ndoto walikuwa na vigezo.

Sisi tuna chombo ambacho Radway hakuwa nacho. Waandishi wetu wa hadithi za kuendelea wamezoea kuweka namba ya simu chini ya hadithi, na msomaji anatuma maoni yake hadithi ingali njiani, wakati ambapo shujaa bado anaweza kupewa kauli. Wahariri huhesabu jumbe hizo ili kujua hadithi inapendwa kiasi gani. Wangezipanga kwa sehemu zilipotumwa wangejua zaidi: zipi zilikuja usiku ule konda alipopaza sauti, na zipi zilisubiri mpaka dada ajibu.